Ubao na tanga kwenye mto wenye upepo wa vishindo: kwa nini majaribio yanapingana

"Mwalimu, salamu sana. Nilijifunza kuendesha ubao wa tanga kule Diani kabla ya kuhamia Portland, Oregon. Msimu huu nimekuwa nikienda Hood River, kwenye mto Columbia, kujaribu vifaa vya muuzaji mmoja kabla ya kununua: ubao wa lita 85 na wa lita 95, na matanga mawili ya mita za mraba 4.7, moja la fito nne na jingine la fito tano (fito ni vile vijiti vinavyolipa tanga umbo). Nina uzito wa kilo 82. Jumamosi ubao mdogo ulinipa kasi kubwa kuliko yote kwenye saa yangu ya GPS. Jumapili ukawa wa mwisho, ilhali kituo cha upepo kilionyesha wastani ule ule. Tanga la fito tano limenirusha mbele mara mbili; mara ya pili nikagonga kichwa kwenye mlingoti, kikaniuma mpaka usiku. Naona tanga hilo ni baya. Tena ubao mkubwa unabisha upepo, yaani kupanda kuelekea unakotoka, vizuri kuliko ubao wowote niliowahi kupanda Diani, jambo ambalo silielewi. Muuzaji anataka jibu. Nijaribu vipi ili niupate ukweli?"

Ndugu yangu, nitaanza na kichwa chako, kwa sababu hilo haliwezi kungoja habari za mbao. Kichwa kilichogonga mlingoti na kuuma mpaka usiku huenda kimepata mtikisiko wa ubongo, hata kama hukuzimia na hata kama hapakuwa na jeraha. Muone daktari kabla hujarudi majini, umweleze ulivyoanguka na namna ulivyojisikia siku zilizofuata. Ukiona maumivu yanazidi, unatapika tena na tena, unachanganyikiwa, unasinzia isivyo kawaida, au mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea, usisubiri miadi. Nenda hospitali kwa dharura, wala usiendeshe gari mwenyewe. Ubongo uliotikiswa ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kuumia vibaya zaidi, na kwa anayejaribu vifaa asivyovizoea kuanguka ni jambo la kila siku. Kofia ngumu hukinga ngozi na mifupa ya kichwa, lakini haiuzuii kabisa mtikisiko. Hata hivyo mimi sipandi tanga nisilolijua bila kuivaa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Nikilisoma kwa utulivu, naona hofu yako ni moja: kwamba huwezi kuyaamini macho yako wala saa yako, na kwamba utatoa fedha nyingi kwa kufuata bahati ya Jumamosi moja. Hofu hiyo ina msingi. Kwa namna ulivyofanya majaribio, sehemu kubwa ya tofauti ulizoziona ilitoka kwenye upepo na kwenye namna vifaa vilivyofungwa, si kwenye mbao na matanga yenyewe. Kulinganisha vifaa vinavyokaribiana kwa njia hiyo ni sawa na kupima dhahabu kwa mizani iliyowekwa ndani ya basi linalopita barabara ya mashimo: mizani inaweza kuwa nzima na dhahabu halisi, lakini namba utakayoisoma ni ya mashimo.

Upepo uliouzoea Diani, uwe wa kusi au wa kaskazi, hufika ufukweni ukiwa umesafiri juu ya bahari tupu kwa mamia na maelfu ya kilomita bila kugonga kilima wala mti, na ndiyo maana huvuma kwa utulivu kwa saa nyingi. Upepo wa Hood River una asili nyingine kabisa. Mto Columbia ndio njia pekee iliyo karibu na usawa wa bahari inayoikata safu ya milima ya Cascade, na bonde lake, lenye urefu wa takriban kilomita 130, lina kuta ambazo mahali pengine hufikia mita 1,200 hivi. Wakati wa kiangazi nchi kame iliyo mashariki ya milima hupata joto kali, hewa yake hupanda na mgandamizo hupungua, huku hewa baridi na nzito ya Bahari ya Pasifiki ikiwa imerundikana upande wa magharibi. Hewa hiyo haina mlango mwingine wa chini isipokuwa bonde hilo, basi hulivamia. Ndiyo sababu watabiri wa kule hutazama tofauti ya mgandamizo kati ya Portland, magharibi ya milima, na The Dalles, mji ulio mashariki ya Hood River, kabla ya kutazama jambo lingine, na wenyeji hufurahi asubuhi wakiona mawingu upande wa Cascade Locks, mji ulio magharibi yao, na jua kali upande wa mashariki.

Hewa inayosukumwa kwa nguvu kwenye njia nyembamba yenye kona na magenge haiwezi kwenda sawa. Kila genge huacha nyuma yake mizunguko ya hewa inayosafiri na upepo, na mvurugo huo huendelea mbali, umbali unaozidi mara kumi ya urefu wa kizuizi chenyewe. Anayepanda ubao chini ya upepo wa genge la mita 100 bado anapigwa na vishindo vyake akiwa kilomita moja na zaidi kutoka hapo. Kwa hiyo wastani wa kituo ulioutegemea una kasoro mbili. Kituo kipo mahali pake na wewe upo kwako. Na wastani hausemi upepo ulipanda na kushuka kiasi gani. Siku moja inaweza kuwa na wastani wa kilomita 32 kwa saa ukicheza kati ya 28 na 36, na kesho yake ukawa wastani huo huo ukicheza kati ya 20 na 45. Hizo ni siku mbili zisizofanana kabisa, na ubao wa lita 85 utakuwa mtamu siku ya kwanza na adhabu siku ya pili.

Hapo ndipo inapofaa kuelewa kinachotokea kishindo kinapolifikia tanga, maana bila kuelewa hilo utaendelea kulilaumu la fito tano. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukitoka kilomita 24 kwa saa ukafika 40, kasi haijafika hata mara mbili, lakini nguvu imekuwa karibu mara 2.8. Hiyo ni kwa ubao uliosimama au unaojikokota. Sasa chukua ubao ambao umekwisha kuinuka na unateleza juu ya maji kwa kilomita 35 kwa saa, ukiukata upepo kwa pembe mraba. Upepo unaolifikia tanga ni mchanganyiko wa upepo wa kweli na ule unaotokana na mwendo wako mwenyewe: kabla ya kishindo ni kama kilomita 42 kwa saa, na baada yake ni kama 53. Nguvu imeongezeka takriban mara 1.6 tu. Kishindo ni kile kile, mto ni ule ule, lakini aliye katika mwendo amepata nyongeza ndogo kuliko aliyesimama. Tena ubao wake, kwa kuwa umeshateleza, hukimbia mbele na kuimeza sehemu ya nguvu hiyo.

Lipo na jambo la pembe. Katika mfano huo huo, kabla ya kishindo upepo ulikuwa ukikujia kwa pembe ya nyuzi 34 hivi kutoka pua ya ubao, na kishindo kilipofika pembe ikawa karibu nyuzi 49. Yaani upepo umerudi nyuma ghafla, na tanga ambalo mikono yako ililiweka sawasawa sasa limefungwa kupita kiasi bila wewe kuligusa. Upepo ukipwaya kinyume chake hutokea: unasogea mbele, tanga linakosa hewa, nawe uliyeegemea nje unaangukia majini upande wa joshi, yaani kule upepo unakotoka. Mpanda ubao wa bahari tulivu hajui mchezo huu, kwa sababu mikono yake haijafundishwa kulegeza na kukaza kila baada ya sekunde chache.

Basi tuitazame ile miruko yako miwili. Hukuniambia, lakini nadhani mara zote mbili ulikuwa umeshajifunga kulabu ya mkanda wa kiunoni, upepo ulikuwa umepwaya, ubao umeacha kuteleza na kuzama kidogo, kisha kishindo kikafika. Hapo unapata nyongeza ile ya mara 2.8, upepo unarudi nyuma, na ubao mzito uliokwama majini hauwezi kukimbia. Nguvu isiyopata pa kwenda hulizungusha tanga kuelekea puani, nawe umefungwa nalo. Kama nimepatia, dawa ya kwanza ni tabia: ubao ukiacha kuteleza, toa kulabu, piga magoti kidogo, ngoja kishindo ukiwa umeshika kwa mikono tu. Angalia pia miguu, kwa sababu mguu unaobaki ndani ya mkanda wa ubao wakati mwili unarushwa mbele huvunjika au kuteguka katikati ya wayo, na jeraha hilo huchukua miezi kupona.

Dawa ya pili ipo kwenye namna ulivyolifunga tanga. Kwa kawaida, kati ya matanga mawili ya ukubwa mmoja, lenye fito tano ndilo linaloshikilia umbo lake vizuri zaidi upepo unapozidi, na lenye fito nne ndilo jepesi mkononi, laini zaidi, lenye kuwaka na kuzima haraka. Tanga la fito tano linalomrusha mtu kwenye vishindo kuliko la fito nne linanitia shaka juu ya mlingoti na kamba kabla ya kunitia shaka juu ya mshonaji. Tanga la kisasa limekatwa ili kamba ya kulivuta chini inapokazwa vya kutosha mlingoti upinde, na ukingo wa nyuma sehemu ya juu ulegee. Kishindo kinapopiga, sehemu hiyo ya juu hufunguka na kuachia hewa. Nguvu inabaki chini, karibu na mwili wako, mahali unapoweza kuimudu. Kamba hiyo isipokazwa, tanga hujaa tumbo, tumbo hilo husogea nyuma na juu kila kishindo kinapokuja, na mkono wako wa nyuma hulemewa. Watu wengi waliojifunza kwenye upepo mtulivu hulifunga tanga kwa kulegeza, kwa kuwa huko kulegeza kunaleta nguvu wanayoitafuta.

Mlingoti wenyewe ni nusu ya tanga, na hapa muuzaji ana wajibu wa kukujibu. Soma maandishi yaliyo kwenye mfuko au kwenye tanga: yatakuambia urefu wa mlingoti na namba ya ugumu, kwa mfano sentimita 400 na ugumu wa 19. Kisha soma mlingoti uliopewa. Hata namba zikilingana, viwanda havikubaliani mlingoti upinde wapi. Vingine hutaka ncha iwe ngumu, vingine hutaka ilegee, vingine hutaka upinde sawasawa toka chini hadi juu. Kama matanga yote mawili yalijaribiwa kwa mlingoti mmoja, na mlingoti huo ni wa kiwanda kilichotengeneza lile la fito nne, basi hukulijaribu tanga la fito tano. Ulijaribu tanga lililopotoshwa. Lirudie kwa mlingoti wake, kamba ya chini ikiwa imekazwa mpaka alama iliyowekwa na mtengenezaji, na kamba za kulabu kwenye bumu, yaani ule mti wa kushikia tanga, zikiwa zimesogezwa mpaka mikono yote miwili ihisi uzito sawa. Likikurusha tena katika hali hiyo, nitakubali kwamba halikufai.

Kuhusu mbao, hesabu ya uzito inasema mengi. Mwili wako kilo 82, ubao kama kilo 7, tanga na mlingoti na bumu kama kilo 9, na nguo ya mpira yenye maji pengine kilo 2: jumla ni kilo 100 hivi. Maji ya mto hayana chumvi, hivyo lita 95 hubeba kilo 95 na lita 85 hubeba kilo 85. Diani, ambako maji ya bahari ni mazito zaidi, mbao hizo hizo zingebeba takriban kilo 97 na 87. Tofauti ya chumvi ni ndogo, usiifanye kisingizio. Tofauti ya mbao mbili ndiyo kubwa: upepo ukipwaya, mkubwa unakuacha ukiwa na upungufu wa kilo 5, ambao utausimamia ukizama vifundoni, na mdogo unakuacha na upungufu wa kilo 15, ambao utakuzamisha hadi magotini na kukufanya usubiri kishindo kikutoe. Jumamosi yako, nadhani, shwari zilikuwa fupi. Ubao mdogo haukupata nafasi ya kuzama, nao ukiteleza huwa na mwili mdogo unaogusa maji na hupasua mawimbi vizuri. Jumapili shwari zilikuwa ndefu. Mbao hazikubadilika.

Kabla ya kuzihukumu mbao, tazama pia mapezi yaliyofungwa chini yake. Pezi moja refu na mapezi matatu mafupi hutoa mbao mbili tofauti kutoka ubao mmoja, na mbao za majaribio mara nyingi huja na mapezi yoyote yaliyokuwepo dukani. Tazama pia kama yamenasa majani ya majini, ambayo kiangazi huwa mengi kwenye kina kifupi cha mto ule. Unyasi mmoja mrefu kwenye pezi hula kasi kuliko tofauti yoyote ya umbo la ubao.

Umeuliza juu ya kubisha, na jibu lake limejificha majini. Columbia inatiririka kwenda magharibi, na upepo wa kiangazi unatoka magharibi. Mkondo unakubeba kuelekea kule upepo unakotoka. Chukua mfano wa mkondo wa kilomita 3 kwa saa: ubao unaokwenda kilomita 25 kwa saa kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka kwenye upepo husonga mbele dhidi ya upepo kwa kilomita 12.5 kwa saa ndani ya maji, lakini saa ya GPS, ambayo hupima mwendo juu ya ardhi, itakuonyesha 15.5, na pembe itaonekana kama nyuzi 54. Umepewa zawadi ya karibu robo, nawe ukaiandika kwenye jina la ubao. Mkondo huo haukai sawa: maji ya Hood River yapo kati ya bwawa la Bonneville na lile la The Dalles, na mabwawa huachia maji kwa kadiri ya mahitaji, hivyo asubuhi na jioni zinaweza kutofautiana, na mwezi wa Mei au Juni theluji inapoyeyuka mkondo huwa na nguvu zaidi. Katikati ya mto unakwenda kasi, kandokando unapoa, na nyuma ya kisiwa cha Wells hali ni nyingine. Kupambana huko kwa upepo na mkondo ndiko pia kunakoyasimamisha mawimbi ya mto ule, mafupi na yenye kichwa kikali, ambayo watu husafiri kutoka nchi za mbali kuyafuata.

Basi ujaribu vipi? Jambo la kwanza, ambalo karibu kila mtu hulikwepa kwa kuwa linachosha, ni kujaribu kifaa kile kile mara mbili. Panda ubao wa lita 95, nenda njia yako, rudi. Panda wa lita 85 kwa njia hiyo hiyo. Kisha urudie wa lita 95. Kama mara ya kwanza na ya tatu za ubao ule ule zinatofautiana kuliko unavyotofautiana na ubao mwingine, siku hiyo haina jibu, na huna haja ya kulilazimisha. Zitenge tu namba hizo, uendelee kufurahia upepo. Upepo wa bonde lile kwa kawaida hukua kadiri mchana unavyosonga, kwa hiyo mtu anayeanza kila siku na ubao mkubwa na kumalizia na mdogo ameupendelea mmoja bila kujua. Rusha sarafu uamue uanze na upi.

Jambo la pili lina faida kubwa kuliko saa yoyote: tafuta mwenzako mwenye uzito na ujuzi unaokaribiana na wako, mwende bega kwa bega, mita 20 au 30 kati yenu, kwenye kishindo kile kile na mkondo ule ule, kisha mbadilishane vifaa mkarudie. Mkiwa pamoja upepo unapungukiwa na uwezo wa kudanganya, maana ukikupiga wewe umempiga na yeye. Ukiwa mbele ukiwa na tanga la fito nne, na yeye akawa mbele mlipobadilishana, hapo mmepata habari ya tanga. Ukibaki wewe mbele kila mara, mmepata habari ya wapandaji. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati. Anayebadilisha ubao, tanga na pezi kwa pamoja halafu akasema "hiki ni kizuri" hajui alichosifu. Na kila mmoja aandike maoni yake kabla hamjazungumza, kwa sababu mwenye sauti kubwa humwambukiza mwenzake.

Saa yako ina kazi, ila si ile uliyoipa. Kasi kubwa kuliko zote ni kishindo kimoja kilichokukuta mahali pazuri, kwa hiyo iache. Tazama wastani wa sekunde 10, uchukue ule wa katikati kati ya safari nyingi za kwenda na kurudi. Bora zaidi, hesabu mara ngapi ubao uliacha kuteleza kati ya kingo mbili za mto, na ulichukua muda gani kuinuka tena baada ya shwari. Kwenye mto wa vishindo, hayo ndiyo mambo yanayotenganisha kifaa kinachofaa na kisichofaa. Mimi huongeza moja lisilo na namba: nikifika ufukweni, vigasha vyangu vikoje? Tanga linalohitaji kupiganiwa huonekana kwenye vigasha mapema kuliko kwenye saa. Kumbuka pia kwamba hewa ya nyuzi 10 za masika ni nzito kwa takriban asilimia 7 kuliko ya nyuzi 30, kwa hiyo usilinganishe tanga la Aprili na la Agosti kwa namba ya upepo peke yake.

Chagua mahali kwa makusudi. Hatchery na Swell City, sehemu mbili za ng'ambo ya mto kwenye jimbo la Washington, zina mawimbi matamu na watu wengi. Huko utajifunza kukwepa watu kuliko kupima ubao. Tumia sehemu ya wazi mbali na magenge, vuka kwa njia ile ile kila mara, ukilenga alama mbili za nchi kavu. Kadiri unavyokwenda mashariki kupita The Dalles milima hupungua urefu, na kama unaweza kutoa siku nzima, safari hiyo inalipa. Lakini usisahau kwamba ule ni mto wa kazi. Matishali ya nafaka yanayosukumwa na meli ndogo hayawezi kusimama wala kukukwepa. Usikate mbele yake hata kama unajiamini, kwa sababu shwari itakayokukuta hapo haina huruma. Wavuvi wa makabila asilia wana haki ya kuvua iliyothibitishwa katika mikataba ya mwaka 1855, na nyavu zao huonekana kwa maboya tu. Pita mbali nazo. Maji ya mwanzo wa msimu hugandisha vidole mpaka usiweze kufungua fundo. Na ukiwa na matanga mawili yamefungwa tayari ufukweni, lile lisilotumika lifunge chini, maana kishindo hulinyanyua na kumpiga mtu asiye na habari.

Ukiniuliza ningenunua nini kwa uzito wako na kwa mto ule, ningechukua ubao wa lita 95, na nakiri kwamba siku za upepo mkali sana utakurukaruka miguuni na utautamani ule mdogo. Wa lita 85 ni ubao mzuri kwa mtu wa kilo 70, au kwako siku za tanga la mita 4.2 na chini ya hapo, nao unafaa kuwa ubao wa pili, si wa kwanza. Hata ukienda likizo Diani, ambako upepo ni mpole zaidi, huo mkubwa ndio utakaokufaa. Kuhusu matanga nazuia hukumu mpaka la fito tano lijaribiwe kwa mlingoti wake. Likitulia, ndilo ningelichagua kwa vishindo vya Columbia. La fito nne lichague kama unapenda kuchezea mawimbi kuliko kukimbia, na kama uko tayari kubadilisha tanga mapema upepo unapozidi.

Kwa muuzaji, mwambie wazi kwamba daktari hajakuruhusu bado, na umwombe mlingoti sahihi kwa kila tanga pamoja na pezi la kiwanda kwa kila ubao. Ukipata ruhusa ya daktari, lipia saa moja na mwalimu wa Hood River, akusimamie ukifunga tanga nchi kavu na akutazame ukipokea vishindo vya kwanza kwenye maji tulivu ya Hook, sehemu iliyokingwa hapo hapo Hood River. Makosa ya kamba na ya kulabu huonekana haraka na mtu aliyesimama pembeni kuliko na aliye juu ya ubao, nami siwezi kuyaona kutoka huku niliko. Baada ya hapo mchukue mwenzako, mfanye safari zenu za bega kwa bega, halafu uniandikie namba zilizo kwenye milingoti na idadi ya mara kila ubao ulipoacha kuteleza.